Mrija wa Pili

Klachi ya pikipiki ya parokia ilikufa katikati ya mlima wa Kamachumu, nami nimekumbatia mfuko wenye chupa mbili za dripu na mirija yake miwili. Klaudia, rafiki yangu wa chuo cha uuguzi, alikuwa akiharisha nyumbani kwao. Baba yake, mzee Kagaruki, aliniandikia kwa penseli: "Sasa hata maji hamezi." Barua ilikuwa ya Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatano.

Datius, dereva wa parokia, alibana mkono wa klachi. Ulilala kwenye usukani bila ubishi.

"Hii haina waya," alisema. "Inasukumwa na mafuta. Nati imelegea, mafuta yamevuja, hewa imeingia. Sasa ninabana hewa tu."

"Tumwite fundi?"

"Fundi gani, dada? Kijiji kizima kiko msibani."

Kweli, kilio kilisikika kutoka migombani. Datius alikaza nati, akajaza mafuta ya breki kwenye kikopo cha usukani, kisha akapekua mfuko wake wa vifaa mara mbili.

"Ningepata mpira mwembamba wa kutolea hewa," alisema. "Bila huo, hewa inarudi ndani."

Hakuniomba. Aliutazama mfuko wangu, halafu akatazama barabara.

Mrija mmoja ungetosha chupa zote mbili, kama usingeziba, kama usingeniponyoka. Niliukata wa pili kwa wembe wa Datius. Aliuchomeka kwenye tundu la kutolea hewa, chini ubavuni mwa injini, ncha nyingine akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Bana mara tatu, shikilia, useme 'tayari'. Usiachie kabla sijafunga tundu."

"Tayari," nilisema.

"Unasemaje?"

"Tayari."

"Dada, wagonjwa wako huwa wanakusikia kweli?"

"Tayari!"

Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndizi kichwani, akielekea msibani, alisimama.

"Waitu, jamani! Mnapiga kelele, na wenzenu wana maiti ndani?"

"Utusamehe, mama," nilisema. "Tunamwahi mgonjwa. Binti wa mzee Kagaruki."

Alinisogelea. "Kagaruki wa huko juu? Mbona binti yake wamemzika Jumatatu?"

Niliachia mkono wa klachi. "Klaudia?"

"Jina sikuuliza, mwanangu. Siku hizi tunazika, tunarudi, tunazika. Majina yanatuponyoka." Akaweka ndizi zake sawa, akaenda.

Datius alifuta spana kwenye suruali, taratibu mno. "Kurudi ni mteremko, dada. Hata bila klachi tutashuka."

Niliubana mkono wa klachi. "Tayari," nilisema, na safari hii alinisikia.

Mapovu yalitoka, yakapungua, yakaisha. Bado mkono ulikuwa laini. Tulirudia hadi kiganja kikaniuma, Datius akiongeza mafuta, akilaani kwa sauti ya chini. Ndipo nilipoangalia mpira wa mafuta ya klachi unavyopanda kutoka kwenye injini na kujikunja karibu na usukani. Kwenye dripu, hewa hujificha pale pa juu. Nilianza kuupigapiga kwa ukucha, kutoka chini kwenda juu, nikibana polepole. Kwenye kikopo lilipanda povu moja dogo. Likafuata jingine, kisha mengi.

Mkono wa klachi ukanisukuma kiganja.

"Datius, umegoma kulala!"

"Panda, dada. Panda haraka!"

Kando ya nyumba ya mzee Kagaruki palikuwa na kaburi, udongo wake bado mwekundu. Nilishuka na mfuko wangu. Mzee alitoka mlangoni. Hakusubiri nimuulize.

"Ni Immakulata, mdogo wake," alisema. "Klaudia yumo ndani. Ingia, mwanangu."

Klaudia alikuwa amekonda hadi nikasahau alivyokuwa mnene. Midomo yake ilikuwa imepasuka, macho nusu wazi. Nilinawa hadi harufu ya mafuta ikaisha, nikatundika chupa kwenye msumari wa rozari, nikaupigapiga kwa ukucha mrija mmoja tu niliobaki nao. Mkono wangu ulikuwa umechoka kwa klachi. Nilitafuta mshipa, nikaukosa, nikaomba, nikajaribu tena. Damu kidogo ilirudi kwenye mrija; nilikuwa nimeupata.

"Tayari!" nilisema, kwa nguvu, kama niko mlimani.

Klaudia aligeuza kichwa taratibu. "Wewe," alinong'ona, "tangu lini unapiga kelele?"