Mtetemo wa Fundi

Katika kanisa lile, kura ya kumchagua mzee kiongozi hupigwa pale tu ishara inapokosekana. Wazee wa baraza hufunga tangu alfajiri, huomba, na kumngoja atakayeguswa. Aliyestaafu juzi alichaguliwa kwa machozi. Baadaye ikajulikana kwamba siku ile alikuwa anaumwa macho, lakini kwa kuwa aliongoza vizuri, hakuna aliyelifukua jambo hilo.

Safari hii waliotajwatajwa ni wawili: seremala na fundi cherehani. Fundi alikitaka kiti kile hata usingizini. Alikuwa pia na kisukari, na hilo hakumwambia mtu pale kanisani, akihofu kwamba mgonjwa hapewi uongozi. Asubuhi ile alimeza kidonge chake kama kawaida, kisha akafunga kama baraza lilivyoagiza. Mambo hayo mawili hayapikwi chungu kimoja.

Kufikia adhuhuri, ofisi ya mchungaji ilikuwa tanuri. Viti vya plastiki vililia kila mtu alipojigeuza, na tumbo la seremala liliunguruma kabla ya kila "Amina". Ndipo mikono ya fundi ilipoanza kutetemeka. Jasho likamtiririka hadi kwenye kola.

"Jamani, tazameni!" mama mweka hazina akanong'ona. "Fundi ameguswa!"

"Ameguswa na joto huyo," seremala akajibu, ila naye alikuwa amefumbua jicho moja.

Mchungaji akainuka. "Asante, Bwana! Sogeeni, tumwekee mikono."

Fundi aliufahamu mtetemo ule. Ulishawahi kumwangusha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Akili ilimwambia sukari imeshuka. Tamaa ikamwambia anyamaze kidogo tu, mikono ya mchungaji iko njiani.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mkewe aliingia akihema, chupa ya soda mkononi.

"Baba watoto, chai nimeikuta mezani vile vile, na kidonge hakipo. Umekimeza?"

"Mama, tuko kwenye maombi."

"Nimekuuliza, umekimeza?"

"Nimekimeza."

"Bila kula! Basi anayekutikisa hapo si Roho, ni mchimba kaburi. Kunywa!"

"Shemeji, ngoja kwanza tumalize," mchungaji akasema. Mikono yake ilikuwa imefika juu ya kichwa cha fundi.

Fundi akaitazama ile mikono, akaitazama chupa. Maandishi ya chupa yalikuwa yameanza kucheza, na uso wa mkewe ulikuwa umekuwa nyuso mbili, zote zimekasirika.

"Mchungaji," akasema, ulimi mzito, "usiniwekee mikono. Niwekee sukari. Nina kisukari, na nilijua tangu mwanzo kwamba hii si ishara."

Akainywa ile soda kwa pupa, nusu yake ikaishia kwenye shati. Kwa kukosa la kufanya, baraza likaimba. Kabla wimbo haujafika mwisho, mikono ya fundi ilikuwa imetulia kama ya mtu anayetunga uzi.

Mchungaji akakohoa. "Kuna mwingine hapa anayetumia dawa?"

Mama mweka hazina akainua mkono: presha. Mchungaji akautazama mkono ule, kisha akainua wake. "Vidonda vya tumbo," akasema. "Tangu mwaka jana."

"Na wewe ndiye uliyetangaza mfungo!" seremala akapaza sauti. "Sasa mimi mzima nakufa njaa kwa ajili ya nani?"

Chai ikaletwa. Walipokwisha kunywa, hakuna aliyethubutu kutaja ishara tena, wakapiga kura. Seremala akashinda kwa mbali. Agizo lake la kwanza likawa kwamba kabla ya mfungo wowote, kila mzee aulizwe kuhusu dawa zake, na anayetumia aombe akiwa ameshiba.

"Wazo hilo si nimelileta mimi?" fundi akamnong'oneza mkewe.

"Umelileta kwa kutaka kufa," mkewe akasema, akamwongezea chai. "Kunywa."