Mizinga Minne ya Mama Fosia

Lul binti Shurie alikuwa na hoteli ya chai pale Garsen, hatua chache kutoka mahali magari yalipokuwa yakingoja pantoni ya kuvuka Tana. Watu walimwita Mama Fosia, kwa jina la bintiye aliyeolewa Kipini. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushei, mpole wa sauti na mwingi wa maswali. Dereva aliyeketi kwake kunywa chai hakunyanyuka kabla hajaulizwa kwa nini tairi za nyuma huisha upesi kuliko za mbele, au kama ni kweli kwamba Nairobi watu huvaa sweta mwezi wa saba. Wengine walimchoka. Wengi walirudi.

Masika ya mwaka wa hamsini na saba mto ulipanda ukavuka kingo zake, kamba ya pantoni ikakatika, magari yakakwama ng'ambo zote mbili. Miongoni mwa waliokwama alikuwa mtu mmoja kutoka Mombasa aitwaye Iha, Mgiriama, msaidizi wa mpima ardhi. Mkubwa wake alikuwa ameshavuka kwenda Witu siku moja kabla. Iha alibaki na gari la pili na dereva wake, vyombo vya kupimia, begi la nguo, na sanduku moja la mbao ambalo hakulitoa machoni.

Siku ya tatu aliomba meza ndefu ya nyuma, ile ambayo wateja hawakuipenda kwa sababu paa lilivuja upande mmoja. Akaisogeza pakavu, akatandika blanketi la kijani, akasukuma vitabu chini ya blanketi vikawa vilima, akalaza utepe wa buluu katikati kuwa mto. Kisha akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mikebe minne ya biskuti, na ndani ya mikebe mlikuwa na askari wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wamepakwa rangi lakini hawana macho wala midomo.

Mama Fosia aliacha kukanda unga. Akatazama kutoka jikoni jinsi yule bwana alivyowapanga huku na huku, akapima mwendo wao kwa kijiti chenye alama, akarusha dadu, akamwondoa mmoja, akazunguka meza, akapima tena kutoka upande wa pili. Alitazama hivyo mpaka unga ukaanza kukauka. Ndipo akaja na kikombe cha chai ambacho hakikuwa kimeagizwa, akauliza.

Iha alimweleza bila kuona haya. Wakati wa vita kule Burma alivunjika mguu, akalazwa miezi minne katika hospitali ya jeshi huko India. Kitanda cha jirani alikuwapo sajini mmoja Mwingereza aliyejua mchezo huu, na siku zilikuwa ndefu. Aliporudi nyumbani alijifunza kuyeyusha risasi na kuimimina katika kalibu za udongo. Mombasa alicheza na fundi mmoja wa reli. Hapa hakuwa na mtu, kwa hiyo alicheza pande zote mbili mwenyewe.

"Mkono wa kulia ukijua unachofikiria wa kushoto," Mama Fosia akamwambia, "vita hivyo vina haja gani?"

Iha akakiri kwamba havina haja. Akamwambia kama anataka kujifunza yuko tayari, ila kwanza achague jeshi, na asichague kwa haraka, kwa sababu jeshi la kwanza ndilo linalomfundisha mtu namna ya kufikiri.

Kila jeshi lilikuwa na thamani ya mia. Iha alikuwa akihesabu kwa njiti za kiberiti. Mama Fosia akaleta bakuli la buni, wakahesabu kwa buni. Askari wa miguu alikuwa buni mbili, mpanda farasi tano, mpanda ngamia nne, na mzinga mmoja, pamoja na watu wake, buni kumi na tano. Mkebe wa kwanza ulikuwa na farasi ishirini. Wa pili askari wa miguu hamsini. Wa tatu ngamia ishirini na watano. Wa nne mizinga minne na askari ishirini wa kuilinda. Anayeanza, alisema Iha, na achukue mkebe mmoja asichanganye.

Wote waliokuwapo waliamini kuwa Msomali huyu, ambaye baba yake alifuga ngamia huko Wajir, hataangalia mkebe mwingine. Naye kweli aliuanza huo. Alimtoa ngamia mmoja, akamsimamisha kiganjani, akamgeuza, akampapasa miguu ya nyuma kwa ncha ya kidole kama mtu anayenunua mnyama mnadani.

"Magoti haya si yake," akasema. "Huyu ni ng'ombe aliyetiwa nundu."

Iha alisema amemchonga kwa kuangalia picha iliyokuwa kwenye kasha la tende. Mama Fosia akataka kujua mwendo wake. Akaambiwa farasi huenda vijiti vitatu, ngamia viwili. Hilo nalo lilimshangaza. Aliuliza vita hivi ni vya siku ngapi. Iha alifikiri kidogo, kwa maana fundi wa reli hakuwahi kumwuliza hivyo, akajibu kwamba ni asubuhi moja tu. Hapo Mama Fosia akamrudisha ngamia mkebeni taratibu. Asubuhi moja farasi humshinda ngamia, alisema. Siku ya nne ndiyo ya ngamia, na siku ya nne haimo humu.

Siku mbili zilizofuata hakuchagua. Aliazima askari mmoja kutoka kila mkebe, akawapanga kando ya kopo la sukari, akawa akiwatazama anapopima majani ya chai. Wateja nao wakaingilia. Mzee Kuno, Muorma mwenye ng'ombe wengi upande wa Ozi, alisema farasi, kwa sababu mtu akishindwa na ashindwe na kitu kizuri. Maalim Yarrow, aliyefundisha watoto Kurani, aliuliza kwanza kama kuna kitu kinachowekwa dau. Alipoambiwa hakuna, na alipoona sanamu hazina macho, aliketi. Lakini dadu hakuzipenda. Mama Fosia akaziweka kando, akatia kikombeni buni tatu mbichi na tatu zilizokaangwa. Anayelenga atafumba macho atoe moja: iliyokaangwa imepata, mbichi imekosa. Maalim akaridhika, akashauri askari hamsini wa miguu. Wingi, alisema, haudanganyi.

Mama Fosia aliwasikiliza wote akaona kwamba kila mmoja amejichagulia mwenyewe. Mchana wateja walipopungua alimwomba Iha amweleze tena ule mkebe wa nne. Mzinga ulipiga mbali kuliko vyote, vijiti vinane, lakini ukisogea haupigi, na ukipiga hausogei. Adui akiufikia, umekwisha.

Jioni, kabla ya magharibi, alitoa jibu. Alichukua mizinga.

Iha alijaribu kumzuia. Alimwambia hilo ndilo jeshi gumu kuliko yote kwa mwanafunzi, na kwamba hata yeye hulishindwa.

"Farasi nimemwona," Mama Fosia akamjibu. "Ngamia nimemkamua. Watu wa miguu wanapita hapa kila siku. Mzinga ndio sijui unawaza nini."

Asubuhi walipigana kwa mara ya kwanza, Iha akiwa na farasi. Mama Fosia alikusanya mizinga yote mahali pamoja na kuizungushia askari, kama ndama zizini. Ilipiga mara mbili tu. Zamu ya tatu farasi walikuwa wamezunguka kilima na kuingia kwa nyuma, na kabla chai haijachemka mara ya pili mkebe wake ulikuwa umejaa maiti. Hakununa. Aliomba wapange upya ili aone ni wapi farasi walipogeukia.

Mara ya pili aliitawanya, kila mzinga na askari watano. Iliua farasi saba, kisha wakaishughulikia mmoja mmoja. Usiku ule hakufurahi sana. Kesho yake alimwuliza Iha, huku akimmiminia chai, kama hakukosea kuchagua.

"Hujakosea," Iha akasema. "Hamjajuana tu."

Alilifikiria hilo siku nzima akikaanga mahamri. Alikuwa amewalazimisha askari wake kuilinda mizinga kwa kuikumbatia. Sasa alijiuliza kama hawangeilinda zaidi wakiwa mbali nayo. Katika mchezo ule kuvuka mto kulipunguza mwendo wa farasi kuwa kijiti kimoja. Vita vya tatu aliwapanga askari wote ishirini ukingoni mwa utepe wa buluu, na mizinga akaiweka nyuma kabisa, miwili juu ya vilima na miwili kando yavyo. Farasi walipoingia majini wakakwama, mizinga ikawapata. Kikombe cha buni kilizunguka. Mzee Kuno alisimama akaacha chai yake ikapoa. Vita vilipofika katikati, Iha alikuwa na farasi tisa, na Mama Fosia mizinga mitatu na askari kumi na mmoja.

Hapo ndipo alipoingia mtu wa pantoni kusema kamba mpya imefungwa, na kwamba gari la wapima ardhi ndilo la kwanza kuvuka, sasa hivi, kabla maji hayajabadili nia.

Iha aliangalia meza, akaangalia mlango. Alikusanya mkebe wa ngamia na wa askari wa miguu tu. Mengine akayaacha yalivyokuwa, akamwambia Mama Fosia kwamba yeye hakubali kuwa ameshindwa, wala Mama Fosia hawezi kusema ameshinda, na kwamba kazi yao itamrudisha Garsen mwezi wa kumi na mbili. Waliagana kwa kupeana mikono, naye akakimbia matopeni kufuata gari.

Siku mbili Mama Fosia hakumruhusu mtu kugusa meza ile. Siku ya tatu, alipokuwa akifagia, aliketi kwenye kiti cha Iha ambacho hakuwahi kukikalia. Akainama mpaka jicho lake likawa sawa na vichwa vya farasi. Kutoka pale aliiona mizinga miwili tu. Wa tatu ulikuwa umefichwa wote na kilima, na farasi sita walikuwa wameelekezwa moja kwa moja mbele ya mdomo wake. Hakuwa amekusudia. Alidhani Iha anaujua ulipo na anaufuata kwa ushujaa. Alicheka peke yake, kisha akainuka akaketi upande wake, akarudi tena upande wa Iha, akitazama meza ile ile ikiwa meza mbili.

Maalim Yarrow alipokuja kunywa chai, Mama Fosia alimwomba aketi nyuma ya mizinga amalizie. Yeye mwenyewe alitaka kujua farasi wanajisikiaje.

Iha alirudi mwezi wa kumi na mbili kama alivyosema, mavumbi hadi kwenye nyusi. Aliwakuta wawili hao mezani, Mzee Kuno akiwa kati yao akishauri pande zote. Aliuliza vile vita vya tatu viliishaje. Maalim akamjibu kwamba mizinga ilishinda, wamebaki askari wawili na mzinga mmoja. Mama Fosia hakuinua kichwa mpaka alipomaliza kupima mwendo wa farasi wake wa mwisho. Kisha akamkaribisha, akamletea chai, na kabla hajainywa akamwuliza kama amekuja na ule mkebe wa askari hamsini wa miguu.