Asiyetaka Kuvuka Mto

Mwaka 2001 Kibiti nzima ilijua kwamba Twalibu, fundi baiskeli mwenye mvi zake, kila akitoka swala ya alasiri huingia kwa Shufaa kucheza gemu za televisheni. Mkewe, Muzdalifa, ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, na hilo lilimkera kuliko gemu lenyewe.

Shufaa alikuwa mjane mwenye jenereta, televisheni mbili na kicheko cha kumsimamisha mtu barabarani. Muzdalifa akasema hapo hakuna gemu, kuna jambo. Wivu ulimwingia. Siku ya tatu akautupa ukili aliokuwa akisuka, akajitanda kanga, akaenda kufumania.

Hakufumania kitu. Shufaa alikuwa nje anatia mafuta kwenye jenereta. Ndani, Twalibu alikaa peke yake kwenye benchi, pedi ya gemu mkononi, habonyezi chochote. Kwenye televisheni askari wawili walikuwa wameketi ukingoni mwa mto. Mmoja alifunga kamba za buti, akamgeukia mwenzake, akatabasamu.

"Mumeo hachezi, dada," Shufaa alisema mlangoni. "Wakivuka tu, yule mwenziwe hufa. Basi yeye havuki. Hukaa naye pale mpaka muda aliolipia umwishie."

Ingekuwa ni mwanamke mwingine, Muzdalifa angejua la kufanya. Lakini Twalibu aliitazama ile picha kwa upole ambao yeye hakuwahi kuupata, hata siku za fungate. Miaka ishirini ya ndoa, kila akiuliza habari za vita vya Kagera hujibiwa, "Tulikwenda, tukarudi." Sasa aliionea wivu picha, na wala hakuona haya.

Akampokonya pedi, akasukuma mbele. Askari wakaingia majini. Ukalia mlio mmoja wa bunduki, yule mwenzake akaanguka kifudifudi, muziki ukakatika. Muzdalifa alibonyeza na kubonyeza, lakini askari wa Twalibu hakukimbia tena. Alikwenda hatua mojamoja, akiburura maiti.

Twalibu hakugomba. "Hata kule Kagera ilikuwa hivi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia atangulie."

"Ulimwambia nani?"

"Tamimu."

Muzdalifa akakaa kwenye benchi. Tamimu ni kijana wao wa kwanza, yuko Chumbi analima mpunga, na siku ya kumpa jina aliambiwa ni jina la babu. Miaka kumi na minane mumewe anamwita Mama Tamimu, shambani, mezani, kitandani. Kumbe kila alipomwita yeye, alikuwa akimwita na yule wa vitani.

Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. "Ungeniambia," alisema. "Nimemlea bila kumjua."

Hapo Twalibu akalia, kwa sauti, mbele ya Shufaa. Muzdalifa akamwomba Shufaa aanzishe gemu upya, akamrudishia mumewe pedi. Askari wawili wakatokea tena ukingoni, wazima.

"Haya, Baba Tamimu," alisema akimsogelea. "Niambie alikuwa mtu gani."