Barua ya Kumfukuza Tokuji

Asubuhi ile Tokuji Hamasaki alifagia uani kama kawaida, akachemsha chai, akampelekea mkuu wa genge, Mzee Kurematsu, kisha akapiga magoti mbele yake. Ana miaka sabini na minne na magoti yanalia kama bawaba za mlango, lakini ombi lenyewe halikuwa la kuombwa kwa kusimama.

"Mzee, naomba unifukuze."

Kurematsu alionja chai, akakunja uso. "Kwa kosa gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Enzi zile genge lilipokuwa genge, wanaume mia mbili walijipanga mtaa mzima pale Moji, Japani, kumwinamia mzee huyu akishuka garini. Kisha serikali ikaja na sheria zake: jambazi asipangishwe nyumba, asifunguliwe akaunti, asiuziwe hata laini ya simu. Vijana wakatoroka mmoja mmoja, wazee wakaondoka na kisukari, wakabaki hawa wawili, mkuu na mfuasi wake, na duka la sushi limekataa hata kuwaletea chakula mlangoni. Ujambazi gani huo, jamani?

Sasa Fusae, mkewe Tokuji, yuko kwenye makao ya wazee kule mlimani, na kumbukumbu zinamtoka. Mwezi uliopita alimwita mumewe fundi bomba, akamshukuru kwa kuja upesi. Kitanda cha pili chumbani mwake ki wazi, lakini meneja wa makao hataki mchezo: jambazi haingii kuishi pale mpaka itimie miaka mitano tangu afukuzwe na genge lake, tena kwa barua.

Fusae hana miaka mitano. Tokuji alilijua hilo na lilimkata maini, ila angefanya nini? Bora aanze kuhesabu leo.

"Sema nimekuibia," alipendekeza.

"Uibe nini? Humu mna nini?"

"Basi nilikutukana."

"Wewe? Watanicheka. Wewe hata paka unamwamkia."

Mzee akavuta mtoto wa meza, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa kwa brashi, mwandiko wake mwenyewe: Tokuji Hamasaki si mwenzetu tena. Kosa lake: chai yake ni maji ya kuoshea vyombo. Chini ulikuwepo mhuri mwekundu wa kituo cha polisi, kuthibitisha kwamba nakala imepokewa. Tarehe ilikuwa ya miaka mitano na siku tisa nyuma.

Tokuji aliisoma mara tatu. "Hii ni wiki ile Fusae alipopotea sokoni."

"Ndiyo. Nikajua iko siku utaihitaji."

"Kwa hiyo miaka yote hii nafagia genge la watu?"

"Polisi wamekuandika mfagiaji. Na unafagia vizuri, sikatai."

"Na ukaninyamazia."

"Ningekuambia, ungeondoka." Mzee aliangalia ubao wa shogi, sataranji ya Kijapani, uliokuwa dirishani, mchezo wa jana haujaisha. "Mimi ningecheza na nani?"

Tokuji alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo, lakini machozi yalimtangulia. Alipojifuta, akanyoosha mkono kuchukua brashi. "Basi na wewe nikuandikie, Mzee, uanze kuhesabu."

"Weka chini hiyo. Wewe si mwanachama. Huna mamlaka ya kumfukuza mtu."

Jumamosi iliyofuata Tokuji alihamia mlimani na sanduku moja. Alasiri Fusae alichungulia dirishani, akamwona mzee amekaa nje ya geti na ubao mapajani, kola ya koti imesimamishwa.

"Yule nani?"

"Fundi bomba mwenzangu."

"Si umwambie aingie? Kuna baridi."

"Haruhusiwi, mke wangu."

"Maskini," akasema Fusae. "Mpelekee hata chai."

Tokuji akaichemsha mwenyewe, akaipeleka mpaka getini. Mzee Kurematsu akainywa yote, wala hakukunja uso.