Jagi la Dada Peres

Nilikuwa nikimimina maji yaliyochemshwa kwenye jagi, nikiyachuja kwa kitambaa, mume wangu Zadock aliposema hatakunywa.

"Hutakunywa sasa, au hutakunywa kabisa?"

"Mpaka kesho nikishatolewa damu. Dada Peres amesema nifunge."

Niliweka sufuria chini polepole. Kwamba lazima anywe maji nilikuwa nimemweleza asubuhi, na mchana nikamweleza tena.

Zadock ni mtunza bustani katika mtaa wa matajiri wa Lavington. Juma lililopita alishikwa na kizunguzungu akaketi kwenye nyasi, na mkojo wake ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Bwana wake wa kazi akampeleka kwa daktari mjini. Aliambiwa aje kutolewa damu bila kula. Sasa, kanisani kwetu, kufunga ni kufunga: hata tone la maji halipiti kooni. Zadock akafunga hivyo tangu siku iliyotangulia, na bado akalima juani. Damu ikaonyesha kwamba yurea imepanda. Bwana wake akasema figo zikiwa mbovu, atatafuta mtu mwingine wa bustani.

Daktari alitueleza bila haraka. Yurea ni taka ya chakula, nayo figo huitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, taka hiyo hujaa kwenye damu. Lakini hata figo zenye afya, mtu asipokunywa, hubana maji, na yurea hubaki kwenye damu. Kuna taka nyingine, kreatinini, ambayo kiu haiitikisi sana, na ya Zadock ilikuwa imepanda kidogo tu. Kwa hiyo hakuweza kusema kama ni ugonjwa au ni kiu. "Anywe maji kama kawaida," alisema, "kisha nipime zote mbili tena."

Mimi nilielewa. Zadock naye aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Peres, dada yake mkubwa, akaingia bila kubisha, kitambaa cheupe cha maombi kichwani.

"Wifi, bado unasumbua mgonjwa?"

"Namnywesha maji, dada. Daktari amesema."

"Na hiyo damu ikijaa maji, si itakuwa kudanganya daktari? Hata maziwa ya muuzaji, akiongeza maji, inaonekana mingi."

"Damu si maziwa."

"Lakini inaenda kwa chupa."

Zadock akacheka. Nilimtazama, akaacha.

"Kufunga ndiko kulikoharibu kipimo cha kwanza," nikasema.

"Alifunga peke yake, hakuna mtu alimwombea. Kesho tunafunga pamoja."

"Mama Apiyo, usipaze sauti," Zadock akaninong'oneza. "Majirani."

Nilikuwa sijapaza. Nilipanga vikombe upya, ingawa vilikuwa vimepangwa. Peres hakuwa mtu mbaya. Aliyemlea Zadock mama yao alipofariki ni yeye, na alikuwa akiogopa kama mimi.

"Dada," nikasema, "mgonjwa akiletwa kanisani, humpa nini?"

"Maji ya baraka."

"Na akikataa kuyanywa?"

"Hiyo ni kukataa mkono wa Mungu."

Nikasukuma jagi mbele yake. "Basi yaombee haya."

Peres aliliangalia jagi, kisha akaniangalia mimi. "Mke wa ndugu yangu, wewe una maneno." Lakini akafumba macho, akaweka mikono juu ya jagi na kuomba, akiwataja hata wajomba. Alipomaliza, maji yalikuwa yamepoa.

Zadock alikunywa kikombe kimoja na nusu, kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini.

"Limebaki jagi karibu zima," nikasema.

"Tumbo imejaa."

"Nimeombea jagi yote," Peres akamwambia, "si kikombe moja."

Maji hayaponyi figo mbovu, na hilo daktari hakulificha; yangesaidia tu kipimo kiseme kweli. Nikalifunika jagi kwa sahani, nikaliweka karibu na mlango, pale Zadock alipoacha viatu vyake. Angeyamaliza asubuhi, kabla hatujapanda basi kwenda mjini.