Daftari la Jumanne

Jina la baba yake lilikuwa la nne kutoka juu, limeandikwa asubuhi ileile, na baba yake alikuwa amezikwa miezi kumi na mmoja iliyopita.

Diwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Jina lilikuwa palepale. Kamati ya fedha ilikuwa imemtuma kuhesabu watu katika ukumbi huu mdogo wa wazee, ambamo kila Jumanne walipewa chai, wakapimwa presha na kupiga soga mpaka adhuhuri. Mwaka huo halmashauri ilikuwa hoi kwa ukata, na uamuzi ulishapita: ukumbi wenye watu chini ya ishirini utafungwa. Daftari lilisema ishirini na mmoja. Vitini walikuwa kumi na wanne.

"Nani anaandika humu?" aliuliza.

Ghafla kila mzee akawa na shughuli nzito na kikombe chake. Mwishowe akainuka fundi cherehani mstaafu, mabega yameinama kwa miaka hamsini ya kazi.

"Mimi, mwanangu. Anayefika wa kwanza huwaandikia wenzake wote. Ndivyo tulivyozoea, maana wengine mikono inatetemeka."

"Na marehemu je, mzee?"

Fundi alikuna kidevu. "Nisikufiche. Hao marehemu wengine sita tuliwarudisha daftarini tuliposikia habari ya ishirini. Tuliogopa. Lakini baba yako nilimwandika tangu Jumanne ile ya baada ya mazishi. Mkono ulimwandika wenyewe. Nikasema nimfute, nikashindwa."

"Na mimi nikammiminia chai," alidakia bibi mmoja, mkunga wa zamani. "Tunainywa kwa zamu, isiharibike."

Diwani alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakiwahi. Miaka minne baba yake alikuja hapa, naye hakuwahi kutia mguu. Kila alipoahidi kupita kumchukua, kikao kilimshika. Alijiambia mzee hana neno, anapoteza muda tu na wenzake.

"Alikuwa akijigamba juu yako," mkunga alimwambia, akimsogezea kiti, "mpaka tunamwomba apumzike."

Alikaa nao hadi adhuhuri. Hakuna aliyemuuliza atasema nini kwenye kikao, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemsihi.

Alhamisi alisimama mbele ya madiwani wenzake, karatasi mkononi. Kutaja ishirini na mmoja kulikuwa rahisi mno, na ukumbi ungepona. Lakini alijua siku moja wangetuma mtu mwingine, na atakayeitwa mghushi angekuwa Fundi. Akataja kumi na wanne. Kisha akawaomba wawaache wazee wale na Jumanne yao. Alieleza chai, presha, hata wale saba wasiokuwepo. Mwenyekiti alimsikiliza kwa upole, akaita kura. Mikono tisa iliinuka kuufunga ukumbi, saba kuuacha.

Alitoka nje, akapiga simu akiwa amesimama kwenye ngazi za halmashauri.

"Tumeshindwa, baba," alisema. Neno hilo lilimtoka bila kukusudia, wala hakulirudisha.

Fundi aliuliza: "Uliwatajia wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Umefanya vyema. Usilie, mwanangu. Mimi hapa silii." Lakini alipenga kamasi kwa kishindo. "Sasa niambie. Kwako kuna viti vingapi?"

"Viti?"

"Vya kukalia, mheshimiwa. Wamefunga ukumbi. Jumanne hawajaifunga."

Diwani alifumba macho, akaanza kupita chumba baada ya chumba nyumbani kwake. Sita vya mezani. Kile cha jikoni kinachoyumba. Viwili vya barazani, na benchi la uani ambalo hakuna aliyelikalia kwa muda mrefu.

"Subiri kidogo, baba," alisema. "Bado nahesabu."