Viazi vya Kilemba

Jumanne ya wiki ya kumi na tatu tangu awekewe nyonga ya chuma, Mbugua alimaliza uji wake, akaegemeza mkongojo ukutani na kuketi polepole kwenye mashine ya kupiga makasia iliyokuwa barazani kwake, Dundori. Bintiye Cate aliinunua kutoka hoteli moja ya Nakuru ilipokuwa ikibadilisha vyombo vyake vya mazoezi. Mwanzoni Mbugua aliidhihaki, makasia mlimani ya nini, lakini mgongo wake uliipenda, na kwa miaka miwili aliivuta kila asubuhi hadi nyonga ilipogoma kabisa. Sasa daktari alikuwa amemruhusu kuirudia: dakika kumi, uzito mdogo, asiiname mbele kupita kiasi.

Akafunga miguu, akashika mpini, akavuta. Kiti kiliteleza, nyonga haikulia, na kiazi kikadondoka chini ya mashine.

Mkewe Wangeci alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alikiokota, akakifuta kwa leso.

"Ni mbegu ya shangi," alisema. "Ya msimu uliopita. Vuta, hujamaliza dakika zako."

Dakika kumi zilitoa debe moja. Wiki iliyofuata vilikuja viazi vya miaka ya nyuma, na wiki ya tatu vikaja vyekundu, mbegu ambayo Dundori haijapandwa tangu Cate akiwa darasa la kwanza. Mbugua hakuhitaji kuambiwa vilikotoka. Vilikuwa viazi vya kilemba, alivyowapa mabroka bure miaka hiyo yote.

Gunia la broka, dalali anayenunua viazi shambani, haliishii mdomoni. Likishajaa hushonewa wavu juu, nao wavu hujazwa mpaka gunia lionekane limejifunga kilemba. Mkulima anauza gunia moja. Kilemba kinakwenda bure. Sheria imekataza, ila sheria haina lori. Na kwa kuwa mashamba ya upande ule yako bondeni, na lori haliteremki, gunia na kilemba chake hupandishwa mgongoni mwa mtu hadi barabarani.

Mbugua ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda na gunia kama hilo bila kupumzika. Watu walimpigia makofi. Sifa zikamlevya, akateremka akabeba la pili. Tangu siku hiyo kila mkulima aliyelalamika alijibiwa, "Mbona Mbugua anabeba?" Nao wakabeba. Leo kanisani wimbo ukianza, nusu ya wanaume wa rika lake hubaki wameketi. Jambo hilo lilimuuma Mbugua kuliko kisu cha daktari.

"Hapa kwangu kilemba kimeisha," alimwambia Wangeci. "Gunia flat. Asiyetaka apite."

Ijumaa alikuja Kahiga, broka wao wa siku zote. Aliyatazama marundo yaliyofika dirishani, akasikiliza jinsi viazi vilivyotoka kwenye mashine, akauliza tu kama kuna vilivyooza.

"Viazi ni poa, mzee. Lakini flat? Nikifikisha flat Nairobi watanicheka. Majirani wako wote wanapack extended, na kilemba juu."

"Basi nenda kwa majirani."

"Sawa, mzee. Utanipigia."

Mbugua aliendelea kuvuta kwa sababu nyonga ilihitaji. Akaweza kufika jikoni bila mkongojo, kisha chooni, kisha mpaka kwenye zizi. Viazi navyo vikajaa baraza, vikaingia sebuleni, vya upande wa dirisha vikaanza kugeuka kijani. Walikuja mabroka wengine wawili, wakasema yale yale ya Kahiga na kuondoka. Hata kiti anachokalia mchungaji akiwatembelea kilipotea chini ya viazi, ikabidi mchungaji awaombee akiwa amesimama.

Mwezi ulipoisha Wangeci aliokota kiazi, akavunja chipukizi kwa kidole gumba.

"Baba Cate," alisema bila hasira, "kiburi chako cha kwanza kilimaliza miguu ya watu. Hiki cha pili kimalize chakula?"

Mbugua alishinda akivunja machipukizi. Saa kumi alasiri akampigia Kahiga.

Kahiga alikuja na mbebaji mmoja, Kipkemoi wa Keringet, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyeoa juzi tu. Wakajaza, Wangeci akawashonea nyavu. Mbugua hakuruhusiwa kubeba hata sufuria, kwa hiyo aliketi kufanya dakika zake kumi. Kila alipovuta kilidondoka kiazi, kile kile kilichokuwa kimetoka kutiwa kwenye kilemba. Kahiga alikiokota na kukirudisha juu.

"Vuta pole pole, mzee," alisema. "Unatuchelewesha."

Kipkemoi aliporudi kutoka barabarani, baada ya gunia la kwanza, alikuwa ameshika kiuno.

"Boss, hii ni mzigo ya watu wawili."

"Watu wawili?" Kahiga akacheka. "Uliza huyu mzee. Alikuwa anapeleka moja, anarudia ingine, hapumziki."

Kipkemoi alimgeukia Mbugua. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mwenzake aliwezaje.

"Ni ukweli, mzee?"

Mbugua aliachia mpini. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, na Wangeci alikuwa amesimama pale na sindano ya magunia mkononi, akimtazama. Alitafuta jibu jingine, lolote lile, ambalo lingemwacha kijana wa watu amesimama wima. Hakulipata.

"Ni ukweli," alisema.

Kipkemoi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akageuka, akainama, na Kahiga akamsaidia kulipandisha la pili mgongoni.